Umeondolewa taya? Uliza mapema kuhusu meno

Msomaji, jaribu jambo moja kabla hujaendelea kusoma. Weka kidole mbele kidogo ya sikio lako, kisha ufungue na kufunga kinywa. Utahisi kitu kikisogea chini ya ngozi. Hicho ni kichwa cha taya la chini. Ndiyo sehemu unapoanzia mfupa unaoshika meno yako ya chini, unaobeba ulimi, unaosaidia njia ya hewa kooni kubaki wazi na unaoupa uso umbo lake. Sisi hutafuna ugali na nyama kila siku bila kuufikiria mfupa huo hata mara moja.

Sasa chukulia umeketi mbele ya daktari, ameshika picha yako ya eksrei, naye anakwambia kwamba nusu ya mfupa huo lazima iondolewe.

Kuna watu wanaoambiwa habari kama hiyo katika hospitali zetu kubwa za rufaa, na si wazee pekee. Anaweza kuwa mwanafunzi wa chuo, kondakta wa matatu au mama aliye na mtoto mgongoni. Anaposikia maneno hayo, swali la kwanza aghalabu huwa ni, "Nitapona?" La pili ni, "Nitaonekanaje?" Swali la tatu, nalo ndilo makala haya yameandikwa kwa ajili yake, mara nyingi halimjii mpaka miezi mingi baadaye, akiwa mezani na bakuli la uji huku wenzake wakigawana githeri: "Nitatafuna lini?"

Kwa bahati mbaya, swali hilo linapoulizwa baada ya upasuaji huwa limechelewa. Jibu lake hutegemea sana yale yaliyofanywa siku taya lilipoondolewa.

Kwanza tuangalie kinachosababisha watu kuondolewa taya. Saratani ya kinywa ni sababu mojawapo, hasa kwa wavutaji wa sigara na walevi. Ajali na risasi ni sababu nyingine. Lakini kuna ugonjwa ambao huwapata zaidi vijana, na ambao madaktari wa Afrika wameuona kwa wingi, uitwao ameloblastoma. Huu ni uvimbe unaotokana na chembe ambazo kazi yake ilikuwa kutengeneza meno. Visa vingi hutokea katika taya la chini, karibu na magego ya mwisho.

Ameloblastoma si saratani kwa maana ya kawaida. Ni nadra sana kusambaa hadi mapafuni au kwingineko. Hata hivyo, hula mfupa polepole kama mchwa, na huendelea kukua mwaka baada ya mwaka. Jambo linalowahadaa wengi ni kwamba hauumi. Jino hulegea bila sababu, likang'olewa, lakini shavu likabaki limevimba. La pili nalo hung'olewa. Mgonjwa hupewa dawa za kuua viini, kisha za kuua viini tena, na majirani wanamshauri asugue kwa dawa ya miti shamba. Anapofika kwa mpasuaji wa taya na uso, uvimbe huwa umepita ukubwa wa chungwa.

Mbona basi usikwanguliwe tu na mfupa ukaachwa? Hili ni swali la haki. Tatizo ni kwamba chembe za aina ya kawaida ya uvimbe huu hujipenyeza katika mfupa unaoonekana mzima. Ukikwanguliwa, mara nyingi hurudi, wakati mwingine baada ya miaka 10 au zaidi, mgonjwa akiwa amekwisha kusahau. Ndiyo maana mpasuaji hukata kupita mpaka wa uvimbe, akachukua pia kipande cha mfupa mzima, kwa kawaida kati ya sentimita 1 na 2 kila upande. Ikiwa uvimbe umefika kwenye kiungo karibu na sikio, basi kiungo nacho huenda. Tangu mwaka 2014 watafiti wamefahamu kwamba nyingi za ameloblastoma za taya la chini zina hitilafu katika jeni iitwayo BRAF, na baadhi ya wagonjwa wamepewa vidonge vinavyolenga hitilafu hiyo, uvimbe wao ukanywea. Tiba hiyo bado inachunguzwa na dawa zenyewe ni ghali. Kwa wagonjwa wengi, kisu ndicho kinachobaki.

Lakini usidhani kila taya lililovimba ni la kukatwa. Daktari Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi Mulago nchini Uganda, alieleza mwaka 1958 juu ya saratani iliyowavimbisha taya watoto wadogo. Saratani hiyo, ambayo sasa hubeba jina lake, hutibiwa kwa dawa wala si kwa kuondoa taya. Kwa hivyo, kipande kidogo cha uvimbe sharti kichukuliwe na kupimwa kwanza. Asiyekipima na anataka kukata, muulize kwa nini.

Haya, taya limeondolewa. Mgonjwa amepoteza nini?

Taya la chini ni kama upinde unaoning'inia kwa ncha zake mbili. Upande mmoja ukikatwa na kuachwa hivyo, upande uliobaki huvutwa na misuli kuelekea kwenye pengo. Meno ya chini yaliyosalia hayakutani tena na ya juu. Mgonjwa anaweza kuwa na meno 10 mazima na bado ashindwe kukata kipande cha chapati. Ikiwa kilichoondolewa ni sehemu ya mbele, kwenye kidevu, hali huwa mbaya zaidi: ulimi hukosa pa kujishikilia, mate hudondoka, na maneno hutoka bila kueleweka. Mshipa wa fahamu unaopita ndani ya taya nao mara nyingi hukatwa, na nusu ya mdomo wa chini ikabaki na ganzi. Mtu hajui kwamba uji unamchuruzika kidevuni mpaka amwone mwenzake akimtazama.

Hapo ndipo leso huanza kufunika uso. Hapo ndipo mtu hukoma kwenda arusini na matangani, kwa sababu huko kuna kula. Anayefikiri jambo hili ni la urembo tu hajawahi kula peke yake chumbani kwa mwaka mzima.

Kazi ya kwanza, basi, ni kurudisha mfupa. Njia nyepesi ni bamba la chuma, lililopindwa kufuata umbo la taya na kufungwa kwa skrubu kwenye mifupa iliyobaki. Bamba huzuia taya lisivutwe na huupa uso sura. Hata hivyo, bamba si mfupa. Baada ya muda linaweza kuvunjika, au likatoboa ngozi na kuchungulia nje, hasa sehemu ya mbele. Na hakuna jino linaloweza kupandwa juu yake kwa namna ya kawaida.

Njia ya pili ni kuchukua kipande cha mfupa wa nyonga na kukiweka kwenye pengo. Kipande hicho huwa hakina mishipa yake ya damu. Hutegemea kulishwa na nyama iliyokizunguka. Kwa mapengo mafupi, takriban sentimita 5 au 6, kwa mtu ambaye hajapigwa miale na ambaye kinywa chake hakivujishi mate mpaka kwenye kidonda, njia hii hufanya kazi vyema, na haihitaji darubini wala saa nyingi za upasuaji. Ni njia ya heshima kabisa. Pengo likiwa refu zaidi, uwezekano wa mfupa huo kufa na kuoza huongezeka.

Njia ya tatu ndiyo iliyobadilisha mambo. Katika mguu wako, chini ya goti, kuna mifupa miwili. Mnene ni muundi, ule unaouma ukigonga meza. Kando yake, upande wa nje, kuna mfupa mwembamba ambao hubeba sehemu ndogo tu ya uzito wako. Mwaka 1975 daktari wa Australia, Ian Taylor, alieleza jinsi mfupa huo mwembamba unavyoweza kuhamishwa pamoja na mishipa yake ya damu ili kuokoa mguu mwingine uliovunjika vibaya. Mwaka 1989 David Hidalgo wa New York akaeleza jinsi alivyoutumia kutengeneza taya la chini.

Hebu tazama inavyofanywa. Mpasuaji huchukua sehemu ya kati ya mfupa huo, ambayo inaweza kufika sentimita 20 na zaidi, akaacha ncha ya chini ya sentimita 6 hadi 8 ili kifundo cha mguu kisiyumbe. Hukata mfupa vipande viwili au vitatu bila kuvitenganisha na mishipa yake, akavipanga kufuata pembe za taya, akavifunga kwa mabamba madogo. Kisha, chini ya darubini, mshipa wa mguuni huungwa na mshipa wa shingoni kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Damu ikianza kupita, mfupa wa mguu huwa umehamia usoni ukiwa hai. Kazi yote yaweza kuchukua saa 8, 10 au zaidi. Siku chache za kwanza wauguzi huuchunguza mfupa na nyama yake usiku na mchana, maana damu ikiganda pale palipoungwa, mgonjwa hurudishwa chumba cha upasuaji mara moja. Wengi hutembea tena baada ya majuma machache, ingawa wapo wanaobaki na uchovu au baridi mguuni.

Mfupa umeshika, kovu limepona, uso umerudi. Mgonjwa anapongezwa, anaruhusiwa kwenda nyumbani. Na hapo, kwa maoni yangu, ndipo kosa kubwa hufanyika. Kila mtu huona kazi imekwisha. Kumbe mgonjwa ana taya lisilo na meno, laini na la mviringo kama mpini wa jembe, lisilo na ukingo wa fizi wa kushikilia chochote. Ukimtengenezea meno bandia ya kawaida ya kuvaa na kuvua, huteleza. Hakuna mfereji wa kuyakalisha, ulimi huyasukuma, na mdomo wenye ganzi hauyahisi yanapotoka. Wengi huyavaa siku ya picha, kisha yakakaa kabatini.

Dawa ya shida hii iligunduliwa kwa bahati nchini Uswidi. Mwaka 1952 mtafiti Per-Ingvar Brånemark alikuwa akichunguza mzunguko wa damu ndani ya mifupa ya sungura. Alitumia vifaa vidogo vya titaniamu vilivyotiwa ndani ya mfupa wa mguu. Alipotaka kuvitoa ili avitumie tena, vikakataa. Mfupa ulikuwa umevishika kana kwamba ni sehemu yake. Brånemark aliona maana ya jambo hilo, akaendelea kulichunguza kwa miaka mingi. Mwaka 1965, mjini Gothenburg, alimpandikizia mizizi ya titaniamu mgonjwa wake wa kwanza, mwanamume aliyezaliwa na kasoro za taya. Mgonjwa huyo aliishi nayo kinywani kwa zaidi ya miaka 40, hadi alipofariki mwaka 2006.

Mzizi bandia ni skrubu ndogo, yenye unene wa takriban milimita 4 na urefu wa milimita 10 hivi. Hutiwa ndani ya mfupa kupitia tundu lililotobolewa polepole huku maji yakimiminwa, kwa sababu mfupa ukipata joto hufa. Huachwa miezi 3 hadi 6 ili mfupa ukue na kuushika. Kisha kichwa chake hufunuliwa kwenye fizi, na meno yakafungwa juu yake. Mfupa uliotoka mguuni, ukiwa na damu yake, huishika mizizi hii vizuri. Hapo ndipo mtu aliyeishi kwa uji huweza kurudi kwenye sukuma wiki, maharagwe, na hatimaye nyama, ikiwa amekatiwa vipande vidogo.

Nasema hatimaye kwa sababu safari si ya siku moja. Kwa kawaida daktari hungoja mfupa uungane kwanza, miezi 6 au zaidi baada ya upasuaji mkubwa, ndipo apande mizizi. Ongeza miezi ya kuishika, na majuma ya fundi wa meno kutengeneza na kujaribisha. Mwaka mmoja na nusu ni muda wa kawaida. Kuna timu, kama ile ya New York iliyojulikana katika muongo wa 2010, ambazo kwa kutumia kompyuta hupanga kila kitu mapema, zikaondoa taya, kuweka mfupa, mizizi na meno kwa upasuaji mmoja. Njia hiyo huwafaa wagonjwa waliochaguliwa kwa uangalifu, hasa wenye uvimbe usio wa saratani, na huhitaji vifaa vingi.

Usidanganywe pia kwamba meno hayo ni sawa na yale uliyozaliwa nayo. Jino la asili limezungukwa na utando mwembamba wenye hisia; ukitafuna mchele wenye kijiwe unajua mara moja. Mzizi bandia umeshikana na mfupa moja kwa moja, hisia hiyo haipo, na ni rahisi kuuma kwa nguvu kupita kiasi. Kuna na tatizo la kimo. Mfupa mwembamba wa mguu hufika milimita 15 hivi tu, ilhali taya lenye meno laweza kuwa na kimo cha mara mbili ya hicho. Kwa hivyo, meno hulazimika kuwa marefu, nayo hutikisa mizizi kama mti mrefu unavyotikisa shina. Baadhi ya wapasuaji huukunja mfupa na kuulaza mara mbili, kimoja juu ya kingine, ili kupunguza pengo hilo.

Halafu ipo ngozi. Mara nyingi mfupa huhamishwa pamoja na kipande cha ngozi ya mguu ili kuziba kinywa kwa ndani. Ngozi hiyo ni nene, husogeasogea, na kwa wanaume wengine huendelea kuota nywele. Ndiyo, msomaji, nywele za mguu ndani ya kinywa. Huna haja ya kuona haya kumwambia daktari. Ngozi inayosogea ikizunguka mzizi hukusanya uchafu, huvimba na kutoa usaha, na mfupa ulio chini huanza kuliwa. Mara nyingi daktari huipunguza unene au kuibadilisha kwa kipande cha ngozi ngumu kutoka kwenye kaakaa. Huu ni upasuaji mdogo, lakini ukirukwa, mizizi mizuri hupotea.

Waliotibiwa kwa miale kwa sababu ya saratani wana hatari yao ya ziada. Miale huua chembe mbaya, lakini pia hupunguza damu katika mfupa. Mfupa uliopigwa miale mikali unaweza kushindwa kupona hata kwa tundu dogo la jino lililong'olewa, sembuse la skrubu. Madaktari wengine hupanda mizizi siku ileile ya upasuaji mkubwa, kabla ya miale kuanza. Wengine hungoja miezi 6 hadi 12 baada ya miale kumalizika. Kila njia ina watetezi wake. Lisilo na watetezi ni kung'oa jino kwenye taya lililopigwa miale bila kumwarifu daktari aliyekutibu. Usifanye hivyo kamwe. Na kama unavuta sigara, acha kabla ya upasuaji, kwani moshi hubana mishipa ileile midogo iliyoungwa chini ya darubini.

Kwa watoto na vijana ambao hawajamaliza kukua, mizizi hungoja. Mzizi bandia hausogei pamoja na taya linalokua, hivyo jino lililofungwa juu yake hubaki chini kama lililozama. Mtoto hupewa meno ya kuvaa na kuvua mpaka atakapokuwa mtu mzima.

Je, kama kilichoondolewa ni taya la juu? Hapo shida ni tofauti. Kunakuwa na tundu kati ya kinywa na pua. Maji hutokea puani, na sauti hugeuka kuwa ya pua hata mama mzazi asikuelewe kwenye simu. Suluhisho la zamani, ambalo bado ni zuri, ni kaakaa bandia lenye meno, linalovaliwa kama kizibo. Likishikiliwa na mizizi bandia haliporomoki. Pale ambapo mfupa wa juu umekwisha kabisa, kuna mizizi mirefu, yenye milimita 30 hadi 50 na zaidi, inayopita mpaka kushika mfupa wa shavu. Hiyo pia ilitokana na kazi ya Brånemark na wenzake.

Tuzungumze sasa juu ya pesa, maana hapa ndipo wengi hukata tamaa. Upasuaji wa taya ni ghali, na mizizi bandia huongeza gharama juu ya gharama. Mashirika mengi ya bima huyahesabu meno kama urembo. Mtu aliyepoteza taya kwa uvimbe hakuomba urembo, aliomba kula. Ukiandika barua ya bima, mwombe daktari aeleze kwa maandishi kwamba meno hayo ni sehemu ya matibabu ya kuondolewa taya, si ombi jipya. Uliza hivyo hivyo kwenye ofisi ya Mamlaka ya Afya ya Jamii kabla ya tarehe ya upasuaji, ujue ni kipi kinacholipiwa na kipi utachangisha. Ni aibu ya taifa kwamba familia hufanya harambee mbili, ya kwanza ya kukatwa na ya pili ya kutafuna, lakini ikiwa lazima ichangishwe, ni heri ichangishwe mara moja.

Na si lazima kila pengo lijazwe jino kwa jino. Kwa mtu asiye na meno yoyote ya chini, wataalamu waliokutana Montreal, Kanada, mwaka 2002 walikubaliana kwamba mizizi miwili tu, inayoyashikilia meno ya kuvua kwa vifungo kama vya shati, ndiyo iwe tiba ya kwanza ya kufikiriwa. Walikuwa wakizungumzia taya la kawaida, si lililojengwa upya, lakini wazo hilo huwafaa pia baadhi ya waliokatwa taya, ijapokuwa mizizi mitatu au minne huwa salama zaidi kwao. Meno ya kuvua yana faida nyingine: unaweza kuyaosha vizuri, na daktari anaweza kuchungulia chini yake kuona kama uvimbe unarudi.

Sasa turudi kwenye chumba cha daktari, picha ya eksrei ikiwa mezani. Nilisema swali la meno huulizwa kwa kuchelewa. Sababu ni hii: mfupa unaweza kupangwa ufuate ukingo wa chini wa uso, ili kidevu kipendeze, au upangwe pale meno ya juu yatakapokutana na ya chini. Mahali hapo pawili hapalingani. Mfupa uliokaa sentimita moja ndani au nje ya mstari wa meno unaweza kuufanya mzizi bandia usiwezekane, hata kama sura yako kwenye kioo ni nzuri kabisa. Anayejua mstari huo ni daktari wa meno bandia. Huyo anafaa kukuona kabla ya kisu, akuchukulie vipimo vya meno yako kwa plasta, ili kumbukumbu ya jinsi unavyouma isiondoke na kipande cha taya.

Basi muulize mpasuaji wako: nani atanitengenezea meno, na je, ameiona picha yangu? Mfupa utatoka wapi, na una kimo cha kutosha kwa mizizi? Kama leo nitawekewa bamba tu, mfupa utawekwa lini? Nitahitaji miale? Baada ya yote, nitapigwa picha kila baada ya muda gani, na kwa miaka mingapi? Kwa ameloblastoma, ufuatiliaji ni wa miaka mingi, hata ukijisikia mzima. Andika maswali haya kwenye karatasi na uende na ndugu mmoja, maana mtu mwenye hofu husikia nusu ya anayoambiwa. Hakikisha pia kwamba anayetaka kukupandikizia amesajiliwa na baraza la madaktari na madaktari wa meno. Skrubu za bei rahisi zinazotiwa vichochoroni hazina anayeziwajibikia.

Wewe ambaye taya lako lilikwisha kuondolewa miaka iliyopita, na hukuulizwa chochote kuhusu meno, usijihesabu kwamba umechelewa moja kwa moja. Mfupa unaweza kuongezwa baadaye, ingawa makovu huifanya kazi iwe ngumu. Kwa sasa, anza na kinywa chenyewe. Jaribu kuingiza vidole vitatu vilivyosimamishwa kati ya meno au fizi za mbele. Visipoingia, kinywa kimekaza, na hakuna daktari atakayeweza kufikisha kifaa kwenye magego. Chukua vijiti bapa vya aiskrimu, uvipange kimoja juu ya kingine kati ya meno, uongeze kimoja kila baada ya siku chache, mara tano au sita kwa siku. Safisha meno uliyobaki nayo asubuhi na usiku, kwa sababu ndiyo nguzo ya kila kitakachojengwa. Kisha omba barua ya rufaa upelekwe kwenye kliniki ya meno bandia katika hospitali ya rufaa iliyo karibu nawe, ukibeba picha zote za zamani na karatasi ya maabara yenye jina la uvimbe uliokuwa nao.